Bibi, Mjukuu na Waipa za Gari

Mwavuli ndio uliotangulia kufa. Ikafuata droo ya cherahani yangu, kisha waipa za gari la Baba Watoto, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndani ya fleti yetu ya Flemingdon Park, Toronto, kuna kiwanda, na mkurugenzi wake ni mama mkwe wangu.

Chanzo, kwa anayetaka kukitafuta, ni Ontario Science Centre. Jumba lile la sayansi lilifunguliwa mwaka 1969, liko jirani na kwetu, na watoto wa mtaa walikulia humo wakibonyeza, wakifungua na wakizungusha kila kilichoruhusiwa kuzungushwa. Tarehe 21 Juni 2024 serikali ya jimbo ikatangaza kulifunga na ikalifunga siku hiyo hiyo, kwa maelezo kwamba baadhi ya vibamba vya zege vya paa huenda visihimili theluji ya msimu unaokuja. Uzio ukazungushwa. Kifungua mimba wangu akabaki na mikono isiyo na kazi, na mikono ya mvulana wa miaka kumi na miwili isiyo na kazi ni ya kuogopwa.

Septemba Bibi akatua kutoka Dodoma. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mume wangu." Basi. Bibi akishamwita mjukuu mume, mkamwana tafuta kona ukae.

Jioni za kwanza alimsimulia habari za zeze la Wagogo, nyuzi zake na kibuyu chake. Mtoto alisikia kibuyu tu. Novemba mosi, kesho yake baada ya Halloween, watu wa Toronto hutoa nje maboga yao, mengine yamechongwa macho na meno, mengine hayajaguswa. Kijana akaona mtaa mzima umetupa vibuyu. Akabeba yaliyo mazima na kuyapanga nyuma ya kochi, karibu na hita, yakauke.

Laiti Bibi asingekuwa ameenda Mississauga kwa wifi yangu wiki ile, angemwambia mapema kwamba kibuyu hukomaa na kukaukia kwenye mmea wake hadi ganda liwe gumu kama mti, na boga halina habari hiyo. Boga huoza. Nilimshuku samaki, nikamsuta Baba Watoto, nikaosha friji nzima. Tulipogundua, tukayahamishia roshani usiku, tukidhani baridi itatusaidia, na rakuni, wale wanyama wapekuzi wa mapipa, wakapata taarifa.

Asiyeijua Toronto hawezi kumjua rakuni. Mwaka 2015 mmoja alipanda kreni ya ujenzi katikati ya jiji, zaidi ya mita 200, bila ya sababu yoyote. Jiji limelazimika kuweka kitasa kwenye mapipa ya kijani ya mabaki ya chakula kwa ajili yao. Ghorofa ya tatu kwao ni kibarazani. Asubuhi mbegu za maboga zilikuwa hata kwenye nguo za jirani wa chini, na mimi ndiye niliyeshuka na sahani ya maandazi kwenda kuomba radhi.

Bibi aliporudi alicheka hadi akaketi. Kisha akatoa hukumu: zeze liachwe, itengenezwe ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ilimba inataka mbao na vyuma, na vitu hivyo havinuki.

Baba Watoto, mtu wa mitambo ya kisasa, alimchukua mtoto hadi Toronto Reference Library, mtaa wa Yonge, penye chumba cha mashine zinazochapa vitu vya plastiki. Wakarudi na kisanduku cha rangi ya machungwa, kimenyooka kila pembe. Bibi akakigonga kwa kifundo cha kidole. "Hiki ni cha kuwekea sabuni." Na ndiko kiliko hadi leo. Mimi nikapendekeza njia ya watu wastaarabu: tawi la maktaba la Parkdale tangu mwaka 2016 huazimisha ala za muziki kwa kadi ya maktaba tu, gitaa, fidla, ngoma, unachotaka. Bibi akauliza kama cha kuazima kinaruhusiwa kutobolewa.

Akaanza kugonga samani. Kabati: mbao za unga, limekufa. Meza ya chakula: imekufa. Kitanda changu: maiti. Kitu pekee kilichoitika nyumba nzima kilikuwa droo ya cherahani ya zamani niliyoinunua kwa shida, na nikaiona ikimwagwa vifungo na nyuzi mbele ya macho yangu. "Mwanangu, nguo utashona hata bila droo," akasema, na kweli, nashona.

Upande wa vyuma, mbavu za mwavuli zilipinda zilipobonyezwa na hazikurudi. Chuma cha ilimba sharti kiwe na mnepo. Zamani mafundi walifua misumari, lakini kijana alikuwa amekwisha kugundua kwamba ndani ya mpira wa waipa mna vipande viwili vyembamba vya chuma chenye mnepo mzuri ajabu. Alivichomoa akarudisha mpira kwa ustadi, huwezi kujua. Baba yake alijua akiwa katikati ya Don Valley Parkway, theluji ya kwanza imeyeyuka na chumvi ya barabarani, mipira ikapepea hewani na kioo kikawa ukuta mweupe. Alitoka barabara kuu kichwa kikiwa nje ya dirisha. Alifungua mlango nyusi zimeganda chumvi, mdomo umejaa maneno, akawakuta mama yake na mwanawe sakafuni na nyundo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa. Shika hapa."

Akashika.

Kuzipanga sauti kulichukua majira ya baridi yote. Kijana alikata vyuma kwa hesabu ya gitaa: waya ukiugawa nusu, sauti hupanda oktava moja. Chuma kilichobanwa upande mmoja hakifuati sheria hiyo. Ukikikata nusu mitetemo huwa mara nne, umeruka oktava mbili. Kwa oktava moja unabakiza asilimia 71 hivi ya urefu. Vipande kadhaa vya chuma vya baba yake viliishia kulia kama panya. Bibi hakukata kitu. Alivisogeza kwa koleo, mbele kidogo, nyuma kidogo, jicho amefumba.

Mtoto akaleta simu yenye programu ya kupimia noti. Ikawaka nyekundu. Bibi akasogeza, ikazidi nyekundu. "Hiyo simu ni kiziwi." Ukweli ni kwamba Wagogo huzitoa sauti zao ndani ya zile sauti ndogo zinazozaliwa na sauti moja nene, na ile ya saba hukaa chini ya noti ya piano kwa karibu theluthi ya nusutoni. Kijana akaiwekea programu rekodi ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuizungusha ilimba duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Ikamkosoa naye. Siku hiyo programu ilifutwa.

Ikabaki mvumo. Ilimba hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui ili iungurume, na mimi, kwa bahati yao mbaya, nafagia. Bibi alipita kila kona akinitazama kwa huruma, nyumba gani hii haina hata buibui mmoja. Waliupata utando chumba cha kufulia cha jengo, nyuma ya mashine, na msimamizi akadhani wameleta malalamiko ya usafi. Akawapa pole.

Aprili, magari ya kufagia barabara yalipopita, yaliacha ukingoni nyuzi bapa za chuma zilizokatika kwenye brashi zake, mnepo uleule, bure. Kijana aliokota mfuko mzima, nyingine zikawekwa kwenye ilimba si kwa kupigwa bali kwa kuitikia zinazopigwa. Baba Watoto alifurahi kuliko wote, ingawa gari bado analiegesha mbali.

Sasa Bibi amekumbuka muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ya kubanwa mapajani. Jumamosi walikwenda kwa mchinjaji Scarborough wakarudi na ngozi ya mbuzi, mbichi, na manyoya yake. Inapaswa kulowekwa. Anayetaka kuoga aende kwa jirani wa chini, na abebe maandazi.