Jua Limesingiziwa

Nina tabia ambayo mama watoto ameshaichoka: kitu kikiharibika nyumbani, sharti nipate wa kumtwisha lawama kabla sijatafuta spana. Ndiyo maana Mei 2024 nilijiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Usiku wa Ijumaa tarehe 10 kuamkia Jumamosi, dhoruba ya jua ilifika daraja la G5. Ngazi hizo huanzia G1, na G5 ndiyo ya juu kabisa. Mara ya mwisho kuguswa ilikuwa Oktoba 2003. Jua lilikuwa limetema mawingu makubwa ya chembe zenye umeme, moja nyuma ya jingine, yakaja kuutikisa uga wa sumaku wa Dunia. Marekani, wakulima waliokuwa katikati ya kupanda walikuta matrekta yanayoongozwa na setelaiti hayajui tena mstari ulipo. Nilikuwa nimeshasoma pia habari za Machi 1989, dhoruba ilipowazimia umeme watu milioni 6 kule Quebec, Kanada, kwa saa 9 hivi.

Jumapili tarehe 12, intaneti ikagoma. Mama watoto akaniuliza kama bando limeisha.

"Mama, hili halina bando," nikamjibu kwa sauti ya profesa. "Hili ni jua."

Siku hiyo jua lilikiona. Pasi imeungua: jua. Redio inakoroma: jua. Shemeji alipodai mchango wa harusi nilioahidi tangu Machi, nikamweleza kwa masikitiko kuhusu uga wa sumaku. Akanyamaza. Nadhani alidhani naumwa.

Taarifa ikaja: nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zimekatika huko kusini. Chini ya bahari! Jua halina hili wala lile. Mama watoto hakusema neno, akaendelea kuchambua mchele. Afadhali angesema.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni unyenyekevu wa wanaolichunga hilo jua. Boulder, Colorado, kuna kituo kinachokesha kikilitazama. Likilipuka kuelekea kwetu, watakwambia wingu linaweza kutumia siku 1 hadi 3 njiani. Je, litatuumiza kiasi gani? Hapo inategemea sumaku iliyomo ndani yake. Ikielekea kusini, hukamatana na ya Dunia na mlango hufunguka. Na hilo hawalijui kwa hakika mpaka wingu lipite kwenye chombo kilichotegwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Zinakuwa zimebaki dakika 15 hadi 60 tu. Nao wanakiri hadharani, hawaoni haya!

Fundi wangu wa bomba anakaa kilomita 3 kutoka kwangu. Tangu Jumanne "yuko njiani," na sijawahi kumsikia na shaka hata chembe.

Leo mchana, ndoo ya tatu ilipojaa, nikampigia.

"Fundi, vipi?"

"Bosi wangu, nilishatoka kabisa, nikarudi. Si unaona mwenyewe? Jua."

Nikafungua kinywa nimkaripie. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nikakata simu, nikaenda kutafuta spana.