Sifa za Arbuni Isiyorudi

Waandishi wa kale wamesifu mengi: wamewasifu wafalme waliowapa posho, wamewasifu mabibi waliowanyima usingizi, na hata minazi, makanzu na kahawa vimepata wasifu wao, lakini mimi, mzaliwa wa Mombasa niliyelowea huku Ruiru miaka thelathini na ushei, mwalimu mstaafu asiye na mfalme wa kumtarajia wala umri wa kukeshea mabibi, nimeona ni insafu kuisifu ile fedha ndogo ambayo mtu huitoa kwa mkono wa kuume akiwa na hamu, na isimrudie kwa mkono wowote akiwa na majuto. Watu wa Pwani huiita arbuni. Majirani zangu wa hapa huiita dipoziti, na huitaja kwa sauti ileile wanayoitumia kumtaja marehemu.

Neno hili lina nasaba kuliko wengi wetu. Wayunani walikuwa nalo, wakiwa wamelipata kwa wafanyabiashara wa Kisemiti waliovuka bahari na merikebu zao; Waarabu wanalo hadi leo; na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili, walipotaka neno la kuieleza dhamana ya urithi ujao katika waraka kwa Waefeso, waliliona hilo la arabuni kuwa linafaa. Jirani yake katika lugha yetu ni kitenzi kurubuni, yaani kumvuta mtu kwa hadaa mpaka akupe asichokusudia kukupa. Kama maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja au yamefanana sura tu, hilo na waamue wataalamu. Mimi nimeishi na yote mawili chini ya paa moja, sina haja ya hukumu yao.

Mafakihi nao hawakuidharau. Wengi wao, wakiwamo Mashafii ambao ndio madhehebu yetu sisi watu wa Pwani, waliikataa, kwa hoja kwamba muuzaji anayebaki na fedha ya mnunuzi aliyeghairi amekula mali ya mwenziwe pasipo kumpa kitu badala yake. Imamu Ahmad bin Hanbal aliijuzisha, akitegemea kisa cha Nafi bin Abdil-Harith, liwali wa Makka, aliyemnunulia Khalifa Umar nyumba ya Safwan bin Umayya kwa sharti kwamba Umar akiridhia biashara imetimia, na asiporidhia Safwan atabaki na mia nne. Mwaka 1993 Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, ilipokutana Brunei, iliifuata rai hiyo, mradi muda wa kungoja uwe umewekwa. Nyumba ile ya Safwan, msomaji, ilinunuliwa ili ifanywe gereza. Naustaajabia unyofu wa tarikh: arbuni iliyo mashuhuri kuliko zote ilihusu jela, na hakuna aliyejaribu kulificha hilo.

Sasa nieleze jinsi mimi mwenyewe nilivyopata kuijua. Mpwa wangu, muuguzi huko Texas, alituazimia mimi na mama watoto safari ya siku saba katika moja ya zile meli za anasa zing'oazo nanga bandari ya Galveston kwenda kuzunguka visiwa vya Karibi. Utotoni mwangu meli nilizozijua ni Karanja na Kampala, zilizokuwa zikitia nanga Kilindini kutoka Bombay zikiwa na abiria wa sitahani waliokalia masanduku yao. Kuambiwa uzeeni kwamba nitapanda meli yenye vyumba vingi kuliko magorofa ya mtaa wetu, nami nikiwa abiria na si mtazamaji, kulinifanya nione haya kubebwa mzima mzima, nikasema arbuni nitaitoa mimi kwa fedha yangu ya uzeeni.

"Mjomba," akaniambia kwa simu, "ziko nauli za namna mbili. Ya kwanza ukighairi mapema arbuni inarudi. Ya pili hairudi abadani, ila ni rahisi kidogo." Mimi ni mjukuu wa wafanyabiashara. Nikachagua iliyo rahisi. Nauli ya watu wawili ilikuwa dola 2,000, arbuni dola 500, na tangu siku hiyo nikawa mtu mwenye kalenda.

Na hiyo ndiyo fadhila ya kwanza ya arbuni, kwamba humfundisha mtu tarehe. Mimi nisiyeweza kuzitaja siku za kuzaliwa za wajukuu wangu wote, niliijua kwa moyo siku ya malipo ya mwisho, ambayo kwetu ilikuwa siku 90 kabla ya safari, na nilizijua daraja za adhabu zinazofuata kama mwanachuoni anavyoijua alifu kwa ujiti: kabla ya siku hiyo mwenye kughairi hupoteza arbuni yake tu, ikishapita hupoteza sehemu ya nauli, halafu nusu, halafu robo tatu, mpaka zikisalia siku chache hupoteza nauli yote. Makampuni hutofautiana katika hesabu za siku, ila ngazi ni ileile, na kila mara hupandwa, haishukwi. Kodi na ada za bandari peke yake ndizo hurudi salama, kwa kuwa ni haki ya serikali za watu ambazo hukuzifikia. Manahodha wa majahazi ya zamani hawakuhitaji makaratasi hayo yote. Walikuwa na kusi, na aliyesitasita pwani hata upepo ukageuka alilipa msimu mzima.

Fadhila ya pili niliipata miezi miwili baadaye, mpwa wangu aliponiarifu kwamba nauli ya chumba kama chetu imeshuka hadi 1,700, na kwamba akiidai tofauti atapewa, kwa kuwa malipo ya mwisho hayajafika. Nilidhani anatania. Lakini alidai akapewa, dola 300 zikakatwa katika deni letu, na fundisho nililolipata humo ni kwamba kampuni haitakuja kugonga mlango wako kukuarifu kuwa bei imeanguka. Asiyetazama halipwi, na anayetazama sharti asome vizuri, maana huenda nauli mpya haina zile hiba za vinywaji na chakula zilizokuja na ile ya kwanza, ukajikuta umeokoa dola mia na kununua maji kwa mia mbili.

Mwenyeji wa hapa kwetu ndiye atakayeufahamu utukufu wa jambo hilo. Katika barabara kuu ya Thika nauli hupanda kwa tone la kwanza la mvua, hata kama tone lenyewe limeangukia Nairobi nawe unakwenda Ruiru kwenye jua. Nimewahi kupanda mjini kwa shilingi 150, tukafika Githurai na viti vitupu viwili, kondakta akatoa kichwa mlangoni akaita watu kwa hamsini. Na aliyeketi karibu nami kwa hamsini hiyo alikuwa na mwili mkubwa, akala na theluthi ya kiti changu. Sasa jaribu kuidai tofauti. Kondakta atakutazama kama mtu anayetaka arudishiwe mvua.

Nauli ya meli ilishuka tena, ikawa 1,500, lakini safari hii siku ya malipo ya mwisho ilikwisha pita nasi tumelipa yote. Fedha haikurudi. Kwa jamala yao walituandikia dola 200 za kutumia ndani ya meli, zisizoweza kutolewa nje wala kugeuzwa kuwa sarafu. Sijawahi kumiliki mali ya ajabu kama hiyo. Kwa wiki tatu nilitembea Ruiru nikiwa tajiri wa mahali nisipokuwapo, na niliwaza kwa dhati kununua kofia.

Kilichofuata ni uzembe wangu, simlaumu mtu. Pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda na sikuitazama; goti la mama watoto lilivimba likapungua, likavimba; akatokea mtu wa kuposa kwetu, na hatujui atakuja na wazee lini. Ada ya viza ya Marekani, dola 185 kwa kila mtu, nayo huwa hairudishwi, nikailipa kwa kuchelewa, na nafasi ya mahojiano tuliyoipata ikaangukia siku ya tisa baada ya meli kung'oa nanga. Zilikuwa zimesalia siku 40.

Nilikwenda Thika kutafuta shauri kwa rafiki yangu wa Makongeni, karani mstaafu wa reli, mtu wa kusoma kila kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Yeye ndiye aliyenihadithia zamani kwamba reli ya Thika, iliyofika mwaka 1913, katika makaratasi ya serikali iliitwa tramu ilhali ni reli kamili, na tangu hapo haamini jina la kitu chochote mpaka asome masharti yake. Tulikaa Blue Posts, hoteli iliyopo tangu 1908, tukanywa chai tukiyatazama maporomoko ya Chania, naye akapiga hesabu nyuma ya risiti. Ningeghairi siku ya 91, hasara ingekuwa 500. Kwa kungoja mpaka siku ya 40, ni nusu ya 1,700, yaani 850. Zile 200 za ndani ya meli zinabaki ndani ya meli. "Bima ya safari mlikata?" akauliza. Nikatazama maji.

"Basi umenunua siku hamsini na moja za kutia nia," akasema, "kwa dola 350. Si ghali." Na kweli, msomaji, si ghali. Nani mwingine aliyewahi kuipa nia yangu thamani? Fundi aliyenishonea kanzu hakuiamini, shemeji zangu hawaiamini, na wapangishaji wa magorofa haya huikubali nia ya mpangaji kwa mwezi mmoja wa kodi, halafu siku ya kuhama huupaka mwezi huo wote ukutani kwa rangi nyeupe. Arbuni peke yake ndiyo huichukua azma ya mzee, ikaipima kwa dola na kwa siku, ikampa stakabadhi.

Nilighairi jioni ile. Siku ya mahojiano ilipofika, mama watoto alivaa buibui jipya alilolishona kwa ajili ya meli, nami nikavaa kofia, maana mwishowe niliinunua, tukapanda matatu Ruiru kabla ya alfajiri, nauli mia moja kila mmoja na mvua haikunyesha. Afisa alikuwa kijana wa adabu. Alituuliza shabaha ya safari, mama watoto akajibu kuwa ni meli. Akauliza inaondoka lini. Mama watoto akamwambia imekwisha ondoka, leo siku ya tisa. Yule kijana akaiweka chini kalamu yake, akauliza kwa upole, sasa tumekuja kufanya nini. Nami nikamjibu kwamba tulikuwa tumekwisha lipa.