Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Arusha

Kwa Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Katibu Mkuu wao, na Mawaziri wao wote.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima ziwapasazo watu waliojaaliwa kukaa chini ya bendera nane na kivuli cha Mlima Meru, naomba ruhusa, mimi mkazi wa Nkome katika Mkoa wa Geita, kuwaletea shukrani ambazo zimechelewa kuandikwa, maana mtu wa mwaloni usiku wake huwa ziwani na mchana wake huwa juani akigeuza dagaa, na nafasi ya kuwashukuru wakubwa huipata pale tu mwezi unapokuwa mpevu na dagaa wakakataa kuifuata taa. Wakati huo ndio huu: mitumbwi imevutwa nchi kavu, vijana wa kambi wanashona nyavu, nami nimepata faragha ya kuzitafakari ihsani zenu.

Ihsani ya kwanza ni undugu. Jumuiya iliyozaliwa mwaka 1967 ikafa mwaka 1977 mliifufua kwa Mkataba uliotiwa saini huko huko Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Na kana kwamba hayo hayakutosha, tarehe 20 Novemba 2009 mkatia saini Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ambayo kifungu chake cha 7 champa mtu wa nchi mwanachama uhuru wa kwenda na kurudi, cha 10 champa mfanyakazi uhuru wa kutafuta kazi, na cha 13 champa mwenye biashara haki ya kuianzisha popote zinapopepea bendera zenu. Rwanda na Burundi waliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Jamaa imekuwa kubwa hata baadhi ya ndugu hawawezi kuketi jamvi moja pasipo msuluhishi: Januari 2024 Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda, na Goma ya Kongo ilipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025 ikabidi marais wenu na wenzao wa Kusini mwa Afrika wakutane Dar es Salaam tarehe 8 Februari kutafuta namna ya kunyamazisha bunduki baina ya watu wanaoimba wimbo mmoja wa Jumuiya. Hayo nayapita upesi, kwa kuwa ni mambo ya mizinga, nasi huku silaha yetu ni kasia.

Ihsani ya pili, ambayo hasa ndiyo iliyonishikisha kalamu, ni Kimbunga. Mwezi Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili wawe wameondoka au wamehalalisha ukaazi wao, na Septemba ya mwaka ule operesheni yenye jina hilo ikaishukia mikoa mitatu, Kagera, Kigoma na Geita. Insafu yanitaka nikiri kwamba sababu ilikuwapo: ujambazi wa bunduki ulikuwa umewachosha watu, na mabasi yalipita mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari kama maharusi. Lakini jambazi hana desturi ya kungojea tangazo limalizike kusomwa. Aliyengoja ni mkulima aliyeletwa huku akiwa mgongoni mwa mamaye, akaoa huku, akazaa huku, akalipa kodi ya maendeleo ilipodaiwa na mchango wa Mwenge ulipopitishwa, na ambaye siku zote hizo hakuna aliyemwuliza cheti, mpaka lilipokuja gari. Maelfu walivuka mipaka kwa miguu na kwa malori. Wako walioacha mke upande huu, na wako walioacha ng'ombe. Na jirani, ambaye miaka yote hiyo hakuwa na hakika ya uraia wa mwenzake, alipoyatazama malisho na zizi alipata hakika ya ghafula. Itifaki, Waheshimiwa, ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na sina shaka kwamba wakati ule ilikuwa kabatini, imekunjwa vizuri, haijapata hata tone la mvua ya Kimbunga.

Na tuyatazame maendeleo tuliyoyapata katika elimu hii ya kufukuza. Idi Amin, mwezi Agosti 1972, aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na dunia nzima ikamwita dhalimu. Sisi mwaka 2013 tulitoa siku 14. Juni 2019 Mbunge wa Starehe jijini Nairobi, Charles Njagua, ambaye wapenzi wa muziki wamjua kwa jina la Jaguar, alitoa saa 24 kwa wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa masokoni mwa mji ule, Watanzania na Waganda wakiwamo, akiahidi kwamba wasipoondoka watatolewa kwa kipigo. Serikali yake ikamkana, polisi wakamkamata, na Bunge letu Dodoma likahamaki, tena kwa haki kabisa. Kosa la bwana yule, kwa jinsi mambo yalivyokuja kudhihirika, lilikuwa kusema bila mhuri.

Mhuri ulipatikana Julai 2025. Waziri wetu wa Viwanda na Biashara, ikiwa imebaki miezi mitatu ufike uchaguzi mkuu (wala sidhani kwamba kalenda ilihusika), alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara: duka la jumla na la rejareja, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni, usafi wa nyumba na ofisi, udalali, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, na nyinginezo ambazo mikono mitupu huweza kuzianza. Mgeni atakayekaidi atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au atafungwa hadi miezi sita, na viza na kibali chake vifutwe. Raia atakayemficha naye ana fungu lake, shilingi milioni 5 au miezi mitatu. Nimeyasikia malalamiko ya wachuuzi wa Kariakoo juu ya wageni wenye mitaji mikubwa wanaokaa kuuza soksi moja moja, na siwezi kuyabeza, maana mtu aliyekopa ili aweke meza barabarani hana mahali pa kushindana na mwenye kiwanda. Lakini amri ile haikumbagua mwenye kiwanda wa ng'ambo na ndugu wa Itifaki. Mkenya mwenye kibanda cha kutengeneza simu amewekwa katika kapu lile lile, na Kenya ilipopiga kelele kwamba Itifaki imevunjwa, ilikuwa kelele ya kweli, ijapokuwa ilitoka kinywani mwa nchi ya Jaguar.

Nani basi aliyesalimika? Hapo ndipo nilipoivulia kofia hekima ya serikali. Mgeni hawezi kufungua saluni, ila ikiwa ndani ya hoteli. Hawezi kuweka mashine ya kamari, ila ndani ya kasino. Hawezi kuuza rejareja, ila awe na supamaketi. Mwenye kuisoma kwa makini amri hii hutambua kwamba ugeni wenyewe haujaharamishwa. Kilichoharamishwa ni ugeni usio na sakafu ya marumaru.

Kisha ikaja zamu ya Geita, kwani katika zile 15 umo uchimbaji mdogo wa madini. Ninyi mliozoea kuiona dhahabu shingoni mwa watu huenda hamjui jinsi itokavyo huku kwetu. Kijana hushuka katika duara kwa kamba iliyozungushwa juu ya gogo, tochi imefungwa kichwani, na wenzake wawili juu wakilishika lile gogo kwa vifua. Hupasua mwamba kwa nyundo na tindo, akajaza kiroba, akatikisa kamba. Kiroba hupandishwa, mawe husagwa kwa karasha mpaka yakawa unga uwajazao watu mapafu, unga huoshwa juu ya ubao uliotandikwa gunia, zebaki ikazikamata chembe, na mwisho wa yote kitu kilichobaki kwenye kitambaa hulingana na punje ya mtama, nayo hugawanywa: ya mwenye eneo, ya mwenye duara, ya mwenye karasha, ya wachimbaji. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilikwisha iweka leseni ndogo ya uchimbaji kuwa ya raia peke yao, basi amri ya 2025 ilipiga marufuku jambo lililokwisha pigwa marufuku. Lakini wanasiasa wanajua kwamba hadhara haichoki kulipigia makofi jambo moja mara mbili.

Na wakati Mrundi anakatazwa kuishika ile kamba, mlima wa pili wachimbwa na AngloGold Ashanti, kampuni yenye asili ya Afrika Kusini na Ghana, ambayo tangu mwaka 2023 hisa zake huuzwa kwanza katika soko la New York, na ambayo mgodi wake wa Geita umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2000. Sina ugomvi nayo. Hulipa mrabaha wa 6 kwa mia, huajiri watu, na barabara zake zina maji ya kutulizia vumbi. Nasema tu kwamba mgeni mwenye sululu ni tishio kwa taifa, na mgeni mwenye mtambo wa kubeba tani mia kwa safari ni mwekezaji, na huyu wa pili hukaribishwa kwa ngoma na skafu. Niliposhindwa kuipata tofauti yao katika Itifaki nilikwenda kuitafuta katika mifuko yao, nikaipata mara moja.

Hata hivyo, madhali serikali zenu zimeamua kuusaka uzawa, sisi wa Nkome hatutaki kuwa nyuma, na tunaleta mashitaka rasmi dhidi ya sangara. Mtuhumiwa huyu si mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa majini upande wa Uganda katika miaka ya 1950, hakuna kijiji chochote kilichoulizwa, akavuka mpaka wa maji ambao Wajerumani na Waingereza waliuchora mwaka 1890 juu ya mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewala furu, wazawa halisi, mpaka aina nyingi zao zikatoweka. Hana namba ya NIDA. Huko Uganda ana jamaa na Kenya ana jamaa, na uaminifu wake kwa taifa lolote haujathibitika. Minofu yake huenda Ulaya, mabondo yake huenda China, na kwa sababu hiyo sijasikia Kimbunga chochote kikitangazwa juu yake. Viwanda vya Mwanza vyamwita utajiri wa nchi. Sato naye, ambaye kila mama lishe humsifu kuwa ndiye samaki wetu, aliletwa miaka ile ile ya 1950. Tukiwafukuza wote wawili kwa haki na usawa, tutabaki na dagaa, kamongo, na wazee wanaomkumbuka ngege wa asili wa ziwa hili.

Mhamiaji pekee aliyetudhuru pasipo faida yoyote ni gugumaji, aliyeshuka na Mto Kagera kutoka Rwanda miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, akaziba mialo na kunasa pangaboi. Huyo hakuwahi kutajwa katika mkutano wa hadhara hata mmoja, kwa kuwa hana duka la kutaifishwa wala ng'ombe wa kubaki nao.

Na nawasihi uchunguzi wa uzawa usije ukateremka kutoka kwa samaki ukawafikia watu. Nchi hii ni ya Wazinza na Walongo waliofua vyuma. Wasukuma, ambao leo ndio wenye sauti katika minada na vijiwe, wengi wao walifuata malisho na pamba kuja huku baada ya vita vikuu vya pili, serikali ya Mwingereza ikiwahimiza kupunguza msongamano wa mashariki. Wakaja Wakerewe na Wajita na nyavu zao, wakaja Waha na majembe. Mwenyekiti wa kijiji akiuliza nani alitangulia, mkutano mzima utalazimika kutoka nje, naye mwenyekiti akiwa wa kwanza mlangoni.

Waingereza walipochoshwa na majirani zao walipiga kura Juni 2016, wakagombana, wakatoka, na hasara yao wanaihesabu wenyewe. Ninyi mmevumbua lililo bora zaidi, la kukaa ndani kwenye picha ya pamoja Arusha na kutoka nje kila mmoja kwa amri ya wizara yake, hata mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto mpakani Namanga na kura isipigwe na yeyote.

Sasa haja yangu, na ndiyo moja. Mfanyabiashara akitoka Bujumbura na pasi yake ya Jumuiya, akashuka hapa mwaloni, akachota dagaa kwa kiganja, akawafikicha kuona kama wamekauka, akawanusa, akakubaliana bei na mama mwenye chanja, akataka gunia zake 40 zishonwe, je, tumpokee kwa kifungu cha 13 cha Itifaki, au tumkamate kwa amri ya Julai 2025 kwamba amenunua mazao mahali yanapozalishwa? Na yule mama aliyemwuzia, awe amefanya biashara, au awe amemsaidia mgeni kuvunja sheria, na shilingi milioni 5 azitoe wapi? Mgambo hajui, ofisi ya kata haijui, na wakili yuko Mwanza. Tunaomba jibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, lenye mhuri wa Jumuiya na wa Wizara kwenye karatasi moja, tulibandike mwaloni kabla mnunuzi hajafika.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Nkome, Geita