Nahodha Hataki Mboga

Kwa miaka mingi Nahodha alikula kama mzee wa baraza. Asubuhi kipande cha mahamri kilichochovywa kwenye mbaazi za nazi, saa nne njugu, alasiri kachiri za muhogo, na kati ya hapo mbegu za alizeti bila kikomo. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Marehemu babu, aliyekuwa baharia, alimleta kutoka Matadi, bandari ya Kongo, enzi ambazo hakuna aliyeuliza karatasi. Siku hizi zinaulizwa. Tangu 2017 mkataba wa CITES umemweka ndege huyu miongoni mwa viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku wakitoka porini, na hapa Kenya humfugi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Nahodha anacho. Nyumbani mwetu ndiye pekee mwenye stakabadhi zilizotimia. Mume wangu bado anatafuta cheti chake cha kuzaliwa.

Babu alipofariki alituachia ndege, na ndege akabaki na sauti ya babu. Kasuku wa kijivu akitunzwa huweza kufika miaka 40, hata 50 na zaidi, kwa hiyo sauti hiyo haina dalili ya kuondoka leo wala kesho. Babu alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo. Basi ikifika saa kumi alasiri kikohozi husikika ukumbini, kisha sauti ya marehemu huuliza: "Ati we, njugu ziko wapi?" Nyanya, aliyeiitikia sauti hiyo maisha yake yote ya ndoa, huwa ameshainuka na kushika kopo kabla hajakumbuka kwamba eda alikaa, ikaisha.

Manyoya yalipoanza kupauka tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Kijana mpole, alimfunga Nahodha kwa taulo, akampapasa kifuani, akanyamaza, akampapasa tena.

"Natafuta mfupa wa kidari," akasema.

Hakuupata kwa urahisi. Mizani ilisoma zaidi ya gramu 600, na ndege wa aina hii kwa kawaida huwa kati ya gramu 400 na 500 na ushei. Kisha akamfungua mdomo kwa kijiti, akatuonyesha kwa tochi: juu ya kaakaa kuna vijinundu vilivyochongoka kama miba, ambavyo ndege akikosa vitamini A huwa butu. Vya Nahodha vilikuwa vimelainika kabisa. Mbegu ya alizeti ikishamenywa karibu nusu yake ni mafuta, akaeleza, lakini vitamini A haimo wala kalsiamu ya maana. Na kasuku wa kijivu hasa ndio wanaosumbuliwa na upungufu wa kalsiamu, hata wengine huanguka wakitetemeka mwili mzima.

Dawa yenyewe ilikuwa kapu la sokoni. Boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, sukuma wiki, pilipili, papai, kunde zilizochemshwa bila chumvi. Mchicha kidogo tu, kwa sababu una kitu kinachoikamata kalsiamu isitumike mwilini. Parachichi kamwe, hilo ni sumu kwa ndege. Vilevile chokoleti, kahawa na vitunguu. Jua la asubuhi, tena jua lenyewe, si lile linalopita kwenye kioo. Na tusimshindishe na njaa tukidhani atasalimu amri: mbegu zipunguzwe polepole, apimwe kila asubuhi, na akipungua sehemu moja kwa kumi ya uzito wake kwa ghafla tumrudishe mbio.

Nyanya alisikiliza yote haya akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya leso. "Kwao Kongo," akasema hatimaye, "wanakula matunda ya mchikichi. Mawese matupu. Nani huwapima?"

"Ni kweli wanayala, nyanya. Lakini kwao hupuruka kutwa nzima wakitafuta. Huyu hutoka tunduni akaja mapajani mwako."

Nyanya alichukia kwa niaba ya ndege. Njiani alitaka kuelezwa inakuwaje kiumbe ambaye jina lake limeandikwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia jikoni kwake akatazwe mafuta. Sikuwa na jibu. Nchi hii inamjua kasuku kwa mambo mawili, daftari la shule na mkebe ule, na hakuna hata moja linalomsaidia kupunguza unene.

Nikaenda sokoni Marikiti, nikanunua, nikakatakata vipande vidogo vya rangi zote, na kusema kweli bakuli lile lilipendeza kuliko chakula chetu sisi. Nahodha alilitazama kwa jicho moja. Akageuza kichwa, akalitazama kwa la pili. Kisha akarudi nyuma mpaka mwisho wa ukuni wake akaanza kunguruma, maana kasuku wa kijivu akiogopa hunguruma, na asiyejua hudhani kuna mbwa chini ya meza.

Hofu ilipokwisha, ilianza kazi ya kutupa. Hakuwa akimwaga ovyo. Alikiokota kipande cha karoti kwa mguu, akakiinua hadi kwenye mwanga, akakizungusha, akahakikisha ninamtazama, ndipo akakiachia. Boga lilifika ukutani. Papai lilifika kwenye kanzu ya Ijumaa ya mume wangu. Kule Marekani kulikuwa na kasuku mashuhuri aitwaye Alex, aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg hadi ndege huyo alipokufa 2007. Husimuliwa kwamba akiomba ndizi akapewa njugu, alimrushia mtu njugu yake. Wataalamu waliona akili nyingi katika jambo hilo. Mimi niliona nguo za kufua.

Kupima uzito nako kulikuwa na vituko vyake. Tulitumia mizani ya jikoni, kabla hajala. Nahodha amekaa madirishani miaka mingi akisikiliza watu wakinunua samaki kwa wachuuzi wanaopita, na kila nilipomweka juu ya mizani alisema kwa sauti ya juu, mbele ya yeyote aliyekuwepo: "Ongeza! Ongeza kidogo!"

Lakini dirisha ndilo lililotuponza hasa. Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zimesongamana, kichochoro chetu hakimzidi upana mtu aliyebeba tenga, na kila neno la nyumba moja ni mali ya nyumba zote. Alipoona kikombe cha alizeti kinapungua, Nahodha aliwaendea wananchi. "Sijala!" alilia kutwa. "Wallahi sijala!" Maneno hayo alijifunza kwa mwanangu, anayeyatumia kila atokapo kula kwa jirani. Jirani wa mbele alikuja na mahamri mawili yaliyofungwa kwa karatasi, akanikabidhi bila salamu. Jirani wa juu aliteremsha kaimati kwa kamba. Muuza kahawa hakupita siku hizo, lakini kasuku aliigiza mlio wa vikombe vyake vikigonganishwa, wazee wawili wakatoka barazani na sarafu mkononi, wakasimama wakitazama kushoto na kulia.

Kisha akaja kijana wa njugu kudai pesa zake. Ikabainika kwamba kwa muda mrefu mzee mmoja ndani ya nyumba yetu amekuwa akikohoa, akisema "Lete mbili!", naye hupitisha pakiti kwenye nondo za dirisha na kuandika deni. Nilimwambia mzee huyo amekufa. Kijana alirudi nyuma hatua kadhaa, lakini pesa aliendelea kudai.

Chakula cha kwanza Nahodha alichokubali kilikuwa pilipili mbuzi. Ndege hawasikii ukali wa pilipili. Ule moto ni wa sisi wanyonyeshao, na mpilipili hauna hasara, kwani ndege humeza mbegu na kwenda kuzidondosha mbali. Nahodha aliipasua kwa starehe, akazitafuna mbegu moja moja, mdomo wote ukalowa maji yake. Wakati huohuo akaingia shemeji yangu, ambaye hupenda kasuku amtafunetafune ncha ya sikio, akasogeza sikio kabla ya mtu yeyote kusema neno. Alishinda alasiri yote amekaa na barafu. Mkono uliogusa sikio aliupeleka machoni, lakini hilo ni la kwake.

Ikafuata siku ya bitiruti. Bitiruti aliionja, akaipenda, akaimaliza. Jioni Nyanya akapiga ukelele: kwenye kitambaa cheupe chini ya tundu palikuwa na doa jekundu, na jingine, na jingine. Nyumba ikajaa watu. Mmoja alitaka ubani, mwingine alitaka asali, mume wangu alishaita tuktuk, na Nahodha, aliyekuwa mzima kuliko sote, alifurahia umati akawa anakaribisha wageni. Nilimpigia daktari simu. Hakuniacha nimalize. "Amekula bitiruti?" akauliza. Tuktuk ilikuwa imeshafika, tukamlipa dereva.

Ni daktari huyohuyo aliyenifumbua macho, kwa simu ileile. Kasuku ni ndege wa kundi, akasema. Porini kinda hajui lipi ni tunda na lipi ni takataka mpaka amwone mwenzake anakula. Bakuli la peke yake, hata liwe zuri vipi, kwake ni uchafu wa rangi rangi. Anataka kuona chakula kinywani mwa mtu anayemwamini. Nikala karoti mbele yake; akanipa mgongo. Mume wangu akala boga; ndege akanguruma. Kwa Nahodha kundi lilikuwa la mtu mmoja, naye alikuwa pale mkekani akimenya njugu.

Tatizo ni kwamba Nyanya mwenyewe ana sukari. Daktari wake wa kliniki alishamwandikia mambo haya haya, mboga kwa wingi, vya kukaanga apunguze, na karatasi yenyewe aliiweka chini ya kopo la sukari. "Nile majani ya mvuke, mimi, kwa ajili ya ndege?" aliuliza. Usiku kucha alifikiri. Asubuhi akasema kwa ajili ya ndege atakula.

Aliketi na sahani ya sukuma wiki na boga, bila chumvi, uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Lakini Nyanya alilea watoto na wajukuu, ulaghai wa kulisha anaujua. Alitia ukanda wa sukuma mdomoni, akaacha nusu inaning'inia, akafumba macho, akasema "Mmh!" Nahodha akasogea. "Hupati, hiki changu," akamwambia, akageuka upande. Ndege akapanda kiwiko, akateremka mkono, mguu mmoja, kisha mwingine, kichwa kimeinamishwa, akafika kidevuni na kulinyofoa jani kutoka midomoni mwake. Akaanza na ule uti wa kati, akausaga kwa makini. Kisha akataka boga.

Tangu hapo wanakula pamoja, mara mbili kwa siku, na vipande ninavikusanya baada ya saa chache, maana kwa joto la Mombasa papai halingoji. Uzito ulianza kushuka taratibu, kidari kikaonekana. Ila kuna wiki moja uligoma. Alizeti nimehesabu, dirisha nimelifunga nusu, kijana wa njugu nimemlipa na kumwapisha. Ndipo asubuhi moja, nikiwa namweka kwenye mizani, Nahodha akatoa mlio wa pakiti ya kachiri ikifunguliwa. Krr, krr, taratibu. Ukafuata mnong'ono, sauti ya Nyanya, safi kabisa: "Polepole, watasikia."

Nyanya alisema ndege yule ni mwongo tangu Matadi.

Juzi nilimsindikiza kliniki. Daktari alitazama kipimo cha sukari, akatazama cha nyuma, akauliza amebadilisha dawa gani. Nyanya alimjibu kwamba dawa ni zilezile, ila yuko kasuku nyumbani anafundishwa kula mboga, na asipoanza yeye, ndege hali. Daktari akanigeukia mimi. Nikamwambia ni kweli.

"Na usiku," akauliza akiwa ameshika kalamu, "hakuna kinacholiwa?"

Nyanya akanikanyaga mguu.