Mhadhara wa Bingwa wa Maumivu Yote

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, waheshimiwa wajumbe, mabalozi wa nyumba kumi, mashekhe, wachungaji, kina mama wa vikoba: itifaki imezingatiwa. Ambaye sijamtaja ajue nimemwona, na bei yake ni ile ile.

Nianze kwa kujitambulisha, maana mshereheshaji amesoma nusu tu ya karatasi niliyomwandikia. Mimi ni bingwa wa maumivu. Sizungumzii maumivu ya jino, hayo nimewaachia wenye koleo. Nazungumzia maumivu ya mwili mzima yasiyo na anwani: leo bega, kesho nyonga, keshokutwa hata kichwa kuchanwa hakitaki. Shahada yangu ya kwanza niliipata kwa uzoefu, ya pili kwa njia ya posta, na ya tatu ninaambiwa bado iko bandarini.

Ugonjwa wenyewe unaitwa fibromayalgia. Rudieni baada yangu. Tena. Aliyeshindwa kulitamka asihuzunike, jina la dawa ni jepesi zaidi. Inaitwa Chupa, na ziko mbili.

Historia kidogo, kwa sababu mhadhara bila historia ni matangazo ya biashara. Mwaka 1904, pale London, daktari mmoja Mwingereza aitwaye William Gowers alitoa mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno. Akasema nyama za mwili zimevimba ndani, na uvimbe huo akaupa jina la kitaalamu. Wenzake wakaandika. Miaka ikapita, watu wakazichunguza nyama hizo, uvimbe haukuonekana. Naitaja habari hii kwa sababu moja tu: kumbe mtu anaweza kusimama mbele za watu, akakosea, na bado akabaki vitabuni. Jambo hilo hunipa nguvu kila ninapopanda jukwaani.

Mwaka 1990 madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wakaweka kanuni. Wakachagua sehemu 18 za mwili, kila moja ibonyezwe kwa kidole gumba kwa nguvu ya kama kilo nne. Zikiuma 11, na maumivu yawe yametapakaa mwilini miezi mitatu au zaidi, basi ndiyo yenyewe. Mwaka 2010 wakaja na kanuni mpya isiyotaka kubonyeza: mgonjwa aulizwe anaumwa wapi na wapi, anaamkaje asubuhi, uchovu wake ukoje, kumbukumbu zake zikoje. Yaani daktari akae, asikilize. Mimi sikuafiki. Kumsikiliza mgonjwa kunachukua muda, na ukumbi huu tumeulipia hadi saa kumi.

Mama mwenye kitenge cha njano ameinua mkono. Mama yangu, maswali ni mwisho. Haya, sema, maana umeshasimama. Anasema mwili ulimuuma akaambiwa malaria, akameza dawa za malaria. Ukaendelea, akaambiwa taifodi. Ukaendelea, akaambiwa UTI sugu. Mwisho wa yote akaambiwa vipimo ni safi, arudi nyumbani apunguze mawazo. Mmesikia? Vipimo safi! Maabara ikishindwa kuona kitu, hapo ndipo mimi huanza kuona.

Maabara haioni kwa sababu hakuna mdudu wa kuonekana, wala uvimbe wa kupigwa picha. Shida iko katika namna ubongo na uti wa mgongo vinavyopokea habari za mwili. Ni kama spika hii tuliyokodi. Mwenyekiti amekohoa kidogo tu karibu na maikrofoni, yenyewe ikapiga yowe hadi watoto wakalia. Kikohozi kilikuwa cha kweli na yowe lilikuwa la kweli, ila kitufe cha sauti kimekwama juu. Kwa hiyo mgonjwa huyu hajifanyi wala hadeki. Nasema hivyo kwa dhati, na hii ni sehemu pekee ya mhadhara isiyouzwa.

Sasa juu ya hayo weka kisukari. Hapa ndipo wataalamu wadogo hupotea njia. Miguu ya mama inawaka moto usiku. Je, ni fibromayalgia? Au ni sukari iliyokula mishipa ya fahamu? Sista wa kituo cha afya, naona umekaa nyuma na nguo zako za kazini, na nakuomba usinisaidie. Amenisaidia. Anasema ipo na sababu ya tatu: anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi na kuchoma miguuni. Kipimo cha damu kinauonyesha, na unatibika. Asante, sista. Tatu hizo, zote zinachoma mguu ule ule. Mimi nilikuwa na jibu moja kwa zote.

Twende kwenye tiba, maana naona watu wameanza kutazama saa.

Chupa Namba Moja ni asali, mdalasini na tangawizi. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Sista anasema kijiko kikubwa kimoja cha asali kina karibu gramu 17 za sukari. Sista, hiyo ni sukari ya nyuki. Nyuki haendi dukani. Anasema damu haiulizi sukari imetoka duka gani. Basi tuiache Namba Moja, nimeona kina mama wawili wamerudisha pochi kwapani.

Kwa wenye kisukari ninao pia uwatu na unga wa mlonge. Hivi hushusha sukari, nani atabisha? Habishi mtu. Tatizo, anasema yule yule wa nyuma, ni pale mgonjwa anapotumia glibenklamaidi au insulini, kisha akaongeza na mlonge wangu bila kumwambia daktari. Sukari inaweza kushuka kupita kiasi: mikono inatetemeka, jasho linatoka, mtu anaanza kuongea yasiyoeleweka. Mimi nilikuwa nikiwaambia wateja jasho ni sumu inatoka. Nitaipitia upya sentensi hiyo kwenye kipeperushi.

Lakini msiniambie miti haitibu! Metformini hiyo hiyo mnayopewa kliniki asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao galega, na aliyeanza kuwatibia nayo wagonjwa wa kisukari ni Mfaransa, Jean Sterne, mwaka 1957. Mmea! Sista anakubali. Anaongeza tu kwamba mmea wenyewe ulikuwa na sumu, ndiyo maana watu walihangaika miaka kutafuta kemikali iliyo salama na kipimo chake, na leo kila kidonge kina miligramu zilizoandikwa. Ananiuliza kijiko changu kina miligramu ngapi. Kijiko changu, mdogo wangu, ni cha chai.

Kuhusu bei, nasikia minong'ono. Mnamkumbuka marehemu Babu wa Loliondo, Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mwaka 2011 alitoa kikombe kwa shilingi 500 pale Samunge, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo waliotoka huko wakaacha dawa zao za hospitali. Wasomi hujadili mambo ya imani na afya ya jamii. Mimi nililolijadili ni moja: shilingi 500! Kwa umati ule! Chupa yangu ni elfu hamsini, na hilo peke yake linaonyesha ubora.

Sasa nitasema ukweli mtupu, kwa sababu unamhusu mshindani wangu, yule wa duka la dawa baridi pale kona. Mtu akifika kwake anaumwa mwili, anakatiwa diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa swali. Ndugu zangu, hatari! Dawa hizo zinaweza kuumiza figo, na mwenye kisukari figo zake tayari ziko mashakani. Akiwa anameza pia vidonge vya presha na vya kukojoza maji, mzigo unaziangukia figo mara tatu. Na hasara juu ya hasara, kwa fibromayalgia dawa hizo hazijaonyesha faida ya maana, kwa sababu zimetengenezwa kushusha uvimbe, na uvimbe nimeshawaambia haupo. Panadol ni afadhali kwa figo, ingawa nayo usiitegemee sana kwa ugonjwa huu. Mtu mzima asizidishe vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku nzima, mwenye shida ya ini apunguziwe na daktari. Asome pia pakiti za dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ile ile ndani, akijumlisha atakuta amepita. Makofi yenu nayapokea. Mnaona ninavyojua kitu nisipokiuza?

Naam, Chupa Namba Mbili. Hii ndiyo fahari ya nyumba yangu. Jioni unakunywa, asubuhi unaamka unacheza.

Mama wa kitenge cha njano amesimama tena, safari hii na daftari. Ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Amelipiga mistari kwa rula: safu ya sukari ya asubuhi, safu ya maumivu kuanzia sifuri hadi kumi, safu ya usingizi, na safu ya mwisho, kwa kalamu nyekundu, imeandikwa CHUPA. Anasoma. Kabla ya Chupa Namba Mbili: sukari 8, maumivu 7. Siku ya tatu ya Chupa: maumivu 2. Mpigieni makofi mama huyu! Anasema hajamaliza. Endelea, mama. Sukari 19. Mama yangu, hiyo mashine yako ina betri nzima? Anasema amepima mara mbili, na akaenda kupima tena kituoni. Ukurasa huo una nta ya mshumaa pembeni, inaonekana anaandika hata umeme ukikatika. Katika maisha yangu ya utafiti sijawahi kuona mtu mkorofi kiasi hiki.

Sista sasa amekuja mbele kabisa. Anasema dawa ya "asili" inayoondoa maumivu ya miaka kwa usiku mmoja itiliwe shaka ya kuchanganywa na deksamethasoni au prednisoloni. Hizi ni steroidi: maumivu hutulia, sukari hupaa. Hata Marekani, mwaka 2022, mamlaka ya chakula na dawa ilionya juu ya virutubisho vya viungo vilivyouzwa kama mitishamba, kumbe ndani mna deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Tena aliyetumia dawa ya aina hiyo kwa muda asiiache ghafla akajifungia ndani. Tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo huwa zimelala, na kuiacha dawa ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Aende hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Mimi najibu hivi. Unga wangu unaletwa na msambazaji katika ndoo nyeupe. Ndoo imeandikwa "asili". Imeandikwa kwa mkono, ndiyo, lakini imeandikwa. Mwenyekiti, hiyo chupa uliyoweka mfukoni naomba uirudishe mezani kwanza.

Tusonge. Pilipili! Mafuta ya pilipili ya kujipaka. Mwaka 2021 tuzo ya Nobel ya tiba alipewa David Julius pamoja na Ardem Patapoutian, na huyo Julius alianzia kwenye ukali wa pilipili, akagundua mlango katika mishipa ya fahamu unaohisi moto. Mwaka ule ule Nobel ya fasihi ikaenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja. Yaani Mzanzibari na pilipili, mwaka mmoja! Mimi nimewapaka watu pilipili tangu ujana wangu na Sweden haijanipigia simu. Sista anakubali kwamba krimu ya pilipili iliyopimwa huwasaidia baadhi ya watu wenye maumivu ya mishipa. Hakubali pilipili kichaa niliyotwanga nyumbani, wala kuipaka kwenye mguu wenye ganzi au kidonda. Hakubali pia beseni langu la maji ya moto na chumvi. Mguu usiohisi hauwezi kukuambia umeungua, utaona malengelenge kesho yake. Beseni nalo liondolewe mezani.

Limebaki moja, na nililificha hadi mwisho kwa sababu za kiuchumi. Mwaka 2017 muungano wa Ulaya wa mambo ya baridi yabisi ulitoa mapendekezo yake juu ya fibromayalgia. Walipitia vidonge, sindano za Kichina, maji ya moto, yote. Kitu kimoja tu kikapata pendekezo la nguvu: mazoezi. Kutembea. Unaanza polepole, dakika chache, unaongeza kidogo kidogo, kwa sababu ukijikaza siku ya kwanza utalala siku tatu. Na kutembea huko huko hushusha sukari, huleta usingizi, na usingizi ukirudi maumivu hupungua makali. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo akirudi, na anayetumia insulini apime kabla ya kutoka.

Sasa niambieni, waheshimiwa: kutembea unakuuzaje? Barabara ni ya serikali. Miguu ni ya mteja. Nimekesha na swali hili kuliko wagonjwa wenyewe.

Kina mama, mnakwenda wapi? Sista, unawapeleka wapi? Kuzunguka uwanja? Mhadhara una cheti! Mama wa daftari, angalau acha daftari nilipige nakala, tuliite utafiti wetu, jina langu litangulie.

Basi, kwa mliobaki, natangaza rasmi uvumbuzi mpya: Chupa Namba Tatu. Mnaiona, haina kitu ndani. Unaijaza maji safi kwako, unaishika mkono wa kulia, unatembea nayo hadi stendi na kurudi. Haina sukari, haina steroidi, figo haiguswi, hata sista hana la kusema. Elfu thelathini tu. Kizibo kinauzwa peke yake.