Pembe Sita Zimeniumbua

Jirani, ukikosa kazi mjini hapa usikae karibu na wageni. Shangazi wa mke wangu kaja kusalimia kutoka Uingereza, kanikuta kibarazani nachezea simu, kaniangalia juu mpaka chini. "Mkwe, una macho?" Ninayo, shangazi. "Haya, tunga uzi." Nikawa nimekwisha.

Eti tunashona blanketi la viraka. Cherehani ya mke wangu ipo ndani, nzima kabisa. Wapi! Lazima mkono. Na viraka vyenyewe vina pembe sita. Mraba una ubaya gani? Shangazi anasema kila pembe ni digrii 120, tatu zikikutana zinatimiza 360, hakuna upenyo. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani shuleni, leo zimenifuata mpaka kwenye mabaki ya vitenge.

Unakata karatasi ngumu, kila upande inchi moja. Unaiweka mgongoni mwa kitambaa, unakunja kingo juu yake, unapiga bandi. Halafu viwili unavikutanisha uso kwa uso, unashona ukingoni, unachota nyuzi mbili tatu za kitambaa bila kugusa karatasi. Nyuzi mbili! Mimi hata tundu la sindano silioni. Vidole vyote nimejidunga, na kastabini iko kwa shangazi. Kimoja katikati, sita kukizunguka, hilo ndilo ua. Kisha kumi na mbili nje yake. Nikauliza, kitanda cha sita kwa sita kinataka vingapi? "Kama 2,000 hivi." Nikaomba maji.

Nikilalamika napewa historia. Eti Marekani miaka ya 1930, hela zilipokuwa ngumu, akina mama walishona maua haya haya, yakaitwa bustani ya bibi. Eti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wasichana wa Girl Guides waliofungwa na Wajapani gereza la Changi, Singapore, walishona pembe sita wakampa kiongozi wao zawadi ya siku ya kuzaliwa. "Wafungwa, mkwe! Wewe una feni." Feni yenyewe umeme umekatika.

Wazee wa kahawa nao wakipita lazima wasimame. "Baba Mwajuma, hiyo sare ya nani?" Nikawajibu, kofia za Lamu na Unguja si zinashonwa kwa mkono? "Ndiyo, lakini zile huwa zinakwisha."

Sasa hizo karatasi ngumu. Nilifungua droo nikakuta kadi za michango ya harusi, tele, nzito, zinang'aa. Nikakata. Maua yakasimama vizuri. Mtu ningejuaje kwamba mweka hazina wa kamati atapita? Kapita. Kasifia. Kageuza upande wa pili. Kule nyuma karatasi zote ziko nje nje, na kiraka kimoja kimekaa sawasawa na jina langu: "Ahadi: 100,000." Palipoandikwa "Amelipa" peupe. Kiraka cha jirani yake kina picha ya mtoto wa mweka hazina, bwana harusi mtarajiwa. Kabaki kidevu na tai.

Shangazi akachangamka, eti hata Uingereza wataalamu husoma barua kuukuu zilizobaki ndani ya viraka wajue vilishonwa lini. Mimi navuta kadi yangu taratibu kwa chini. Akanipiga mkono. "Haijazungukwa pande zote! Ukiitoa sasa umbo linapotea." Yaani deni langu haling'oki mpaka nishone majirani zake wote sita.

Mweka hazina akatoa simu. Kule mbele kwenye maua hakupiga picha. Usiku ule mgongo wa blanketi uko kwenye grupu la kamati, watu wanacheka kwa herufi kubwa, mke wangu naye kaweka kikaragosi kinachotoa machozi. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba pesa sina lakini mikono ninayo. Nimepewa mapambo. Utepe wa kila kiti cha ukumbi, ufungwe ua, na mweka hazina kasisitiza: kwa mkono.