384, Namba ya Baraka

Mwanafunzi wa uzamili usimuulize anatafiti nini. Muulize sampuli yake ni watu wangapi. Wilaya nzima? 384. Nchi nzima? 384. Mungu awazidishie Krejcie na Morgan, waliochapisha jedwali lao la ukubwa wa sampuli mwaka 1970 wakatuondolea adha ya kufikiri. Wasiolipenda jedwali humkimbilia Yamane na kanuni yake, wakatoka na 400 au pungufu kidogo.

Hesabu yenyewe haina ubaya. Ukivumilia kosa la asilimia 5 kwa uhakika wa asilimia 95, kundi likishakuwa kubwa sana idadi hiyo haipandi tena. Ila ina sharti: watu wachaguliwe kwa nasibu. Mtafiti wetu kawapata wapi? 50 ni wa kundi la WhatsApp la kwaya, 80 kawakuta stendi wakisubiri basi, na waliobaki, jamani, wote wana mwandiko mmoja na wino mmoja. Msimamizi kafungua sura ya tatu, kaiona 384, kaweka tiki.

Mwenzake aliyewahoji walimu wote 22 wa shule moja karudishiwa tasnifu akairekebishe: sampuli haijatosha.